Kwa Wanaoanza Kazi ya Duka Mbeya: Mtoto Mtundu na Mzazi Asiyemwangalia

Anayeanza kazi katika duka la kujihudumia hapa Mbeya hufundishwa mapema mambo ya kaunta: jinsi ya kutoa risiti ya EFD (mashine ya kodi), jinsi ya kuhesabu chenji mbele ya mteja, na jinsi ya kutanguliza bidhaa zinazokaribia kuisha muda ili zitoke kabla ya zile mpya. Hafundishwi afanye nini mtoto wa miaka minne anapopanda rafu ya chini ili azifikie chupa za chai, huku mama yake akiwa amempa mgongo, simu sikioni, anauliza kama gari la Tukuyu limeshaondoka.

Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, Mwanjelwa na baadaye Uyole, na ninaamini kwamba katika hali kama hiyo mtu wa kumshughulikia kwanza ni mzazi. Mtoto hakuja dukani kwa hiari yake, hana anachonunua, na subira yake ni fupi. Kinachomfanya aanze kuvuta vitu ni kusubiri, na mara nyingi anasubiri kwa sababu mama au baba yake hajapata anachokitafuta au amekwama kwenye foleni. Kwa hiyo, kabla hujamkemea mtoto, mwendee mzazi, umuulize anahitaji nini, umletee au umpeleke kilipo. Wageni wengi kazini hufanya kinyume: wanamfuata mtoto kutoka rafu hadi rafu, naye anaona amepata mwenzake wa kucheza naye, na mzazi anazidi kutulia kwa kuwa sasa kuna mtu wa kumlelea.

Namna ya kumwambia mzazi ina uzito kuliko jambo lenyewe. Anza na salamu hata kama moyo unakudunda kwa ajili ya glasi. Mwenye umri wa mzazi wako mwamkie shikamoo, na kama unajua salamu ya Kinyakyusa au ya Kisafwa na umemsikia akiongea lugha hiyo, itumie, kwa maana anayesalimiwa kwa lugha ya nyumbani hageuki na hasira. Kisha taja usalama wa mtoto kabla ya bei ya bidhaa. "Mama, samahani, rafu ile haijafungwa ukutani, naogopa isije ikamwangukia mwanao" ni maneno ambayo hakuna mzazi atakayeyapinga. "Mama, mtoto wako anaharibu vitu" yanamfanya ajitetee mbele ya watu, na akishaanza kujitetea hatamwangalia mtoto wala hatanunua. Maneno hayo ya kwanza yawe ya kweli, lakini. Usimtishe mtu kwa rafu iliyofungwa vizuri.

Bibi aliyekuja na mjukuu anahitaji upole zaidi, kwa sababu mara nyingi hana nguvu ya kumkimbilia mtoto na anaona aibu kulisema hilo. Mpe kiti karibu na kaunta, umchukulie orodha yake, na mjukuu akae naye. Baba aliyempa mtoto simu ili atulie umwache. Utulivu huo una faida kwako pia, ilimradi mtoto hajakaa katikati ya njia ambapo toroli zinapita.

Kuhusu mtoto mwenyewe, inama ufikie kimo chake na umpe kazi ndogo. Mwambie akushikie kikapu, au awapelekee sabuni mama na dada yake, au akuonyeshe ndoo nyekundu iko wapi. Nimeona watoto waliokuwa wakirusha vikombe vya plastiki wakigeuka wasaidizi wakubwa kwa muda wote ambao mama yao alikuwa anachagua mashuka. (Watoto wa wafanyabiashara wa sokoni, nikiri, ndio wanaosumbua kidogo kuliko wote: wamekulia kwenye bidhaa, wanajua kilichovunjika ni hela ya chakula.) Akiwa ameshika kitu cha kuvunjika, usimnyang'anye, kwa sababu atavuta na kitadondoka, nyoosha mikono yote miwili umwombe akupe. Usimshike mkono wala kumpiga kibao cha kumfundisha adabu, hata kama mzazi mwenyewe anakuambia umchape. Ukishamgusa kwa hasira, habari ya utundu wake imekwisha na habari yako imeanza.

Usimtishe pia kwamba mlinzi atamkamata au polisi watamchukua. Mtoto akipotea dukani, mlinzi ndiye mtu anayepaswa kumkimbilia, na aliyetishwa atajificha nyuma ya magunia ya mchele huku watu wanamtafuta. Ukimkuta mtoto amepotezana na watu wake, baki naye hapohapo, umtume mwenzako amtafute mzazi, na mwingine asimame mlangoni, hasa kwa maduka yaliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, ambako malori hayasimami. Usilitangaze jina lake kwa sauti, maana atakayelisikia anaweza kuliita na kujifanya ndugu; mwache mzazi alitaje yeye.

Kuna mahali ambapo adabu ya kuanza na mzazi haina nafasi, nako ni kwenye sumu ya panya, magadi makali ya kuzibulia mabomba, dawa za kung'arishia nguo na betri ndogo bapa za saa. Mtoto akiweka mkono hapo, mwondoe kwanza, salamu zitafuata. Betri hizo bapa watu huzidharau kwa sababu ya udogo wake, ilhali ikimezwa na kukwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza moja, mwambie mzazi aende hospitali papo hapo bila kusubiri dalili. Bidhaa zote hizi zipangwe juu ya kimo cha mtu mzima au nyuma ya kaunta. Ukikuta duka ulilopokelewa limezipanga chini karibu na biskuti, mwambie msimamizi siku hiyohiyo.

Pipi zilizo karibu na kaunta ni mtego ambao wenye maduka wameuweka wenyewe, kwa hiyo tusijifanye tunashangaa mtoto anapoingiza moja kwenye sweta. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapowavalisha watoto makoti mazito na shule zikiwa zimefungwa, hili hutokea kila siku. Usilitumie neno mwizi. Kanuni ya Adhabu yenyewe haimhesabii kosa la jinai mtoto aliye chini ya miaka 10. Mwambie mzazi kwa sauti ya kawaida: "Mwanao amechagua pipi, tuiweke kwenye hesabu au tuirudishe?" Wengi watalipa, wengine watairudisha, na hakuna atakayefedheheka.

Kitu kikivunjika, sema pole, mwangalie mtoto kama ameumia, wazuie wengine wasikanyage vipande vilivyovunjika, kisha umwite msimamizi. Kama mteja atalipa au hatalipa ni uamuzi wa msimamizi, hata kama ukutani kuna tangazo la "ukivunja utalipa". Wewe andika kwenye daftari kilichovunjika, saa, na mahali kilipokuwa kimepangwa.

Daftari hilo lina faida kwako mwenyewe, na hapa ndipo wageni wengi huonewa kwa kutojua. Waajiri wengine hukata mshahara wa mhudumu kwa kila sahani iliyovunjwa na mtoto wa mteja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu makato ya namna hiyo kiholela. Ili ukatwe kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi chake, upewe nafasi ya kupinga, nawe ukubali kwa maandishi. Na hata hapo makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Sahani iliyoangushwa na mtoto wakati wewe ukimhudumia mteja mwingine ni vigumu kuiita kosa lako. Usisaini karatasi usiyoielewa, na usiende kumdai mzazi kwa hasira kwa kuhofia mshahara, kwa sababu mzazi huyo siye aliyekuajiri.

Wiki za mwanzo wa Januari, wazazi wanapofuata madaftari na sare wakiwa na watoto watatu au wanne kila mmoja, mbinu hizi zote hupungua nguvu. Mvua inanyesha, sakafu ya vigae imelowa, foleni inafika mlangoni. Mwombe msimamizi mapema aondoe vyombo vya glasi kwenye rafu za chini, atandike magunia mlangoni, na amweke mtu mmoja asiye na kazi ya kaunta azunguke tu kati ya rafu. Akikataa kwa kuwa watu hawatoshi, vihamishe vile vya glasi wewe mwenyewe jioni kabla ya kufunga.