Mashua iliondoka, imeondoka, au ilikuwa imeondoka?

SWALI: Assalamu alaikum, mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni huku Shela, Lamu, na kila siku natafsiri maneno kati ya wageni na manahodha. Shuleni tulifundishwa kwamba Kiingereza kikitaja mambo mawili yaliyopita, lile lililotangulia lazima litiwe "had". Kwa hiyo mimi husema, "Tulipofika jetini, mashua ilikuwa imeondoka." Mwenzangu wa Malindi husema, "Tulipofika, mashua iliondoka." Mama yangu naye husema, "Tulikuta mashua imeondoka." Tena wageni wenyewe mara nyingi siisikii hiyo "had" vinywani mwao. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Waalaikum salaam. Sentensi yako ni sahihi. Ya mama yako ni sahihi na ndiyo tamu zaidi. Ya mwenzako ni sahihi pia, ila inasema jambo jingine. Anayesikia "Tulipofika, mashua iliondoka" ataelewa kwamba mlifika, ndipo ikang'oa nanga. Huenda ilikuwa ikiwangoja nyinyi. Abiria aliyeachwa Mokowe na mizigo yake hawezi kueleza yaliyomkuta kwa maneno hayo. Kiambishi -li- huliweka tendo katika wakati uliopita, basi. Kinachotuambia kwamba tendo lilikwisha na matokeo yake yako mbele yetu ni -me-.

Hapo ndipo wengi waliosoma sarufi kwa kupitia Kiingereza hujikwaa. Hudhani "ilikuwa imeondoka" ni alama ya kutangulia, kwamba tendo la kwanza lipewe "alikuwa ame-" na la pili lipewe "ali-". Sivyo. Maneno hayo mawili yana kazi mbili tofauti. "Ilikuwa" hutupeleka kwenye saa tunayoizungumzia, na "imeondoka" hueleza hali ya saa hiyo: mashua haipo. Sasa, kama kuna kitenzi kingine kilichokwisha kutufikisha kwenye saa hiyo, "ilikuwa" haihitajiki tena. Mama yako akisema "tulikuta", tumeshasimama naye pale jetini, na lililobaki ni kusema alichokikuta. Ndivyo vifanyavyo pia vitenzi vya kuona, kusikia na kusema. "Niliona mlango umefungwa." "Tulisikia bwana harusi amefika." "Alisema amechoka."

Mfano huo wa mwisho utazame vizuri. Kiswahili huyahifadhi maneno ya msemaji kama alivyoyatamka: yeye alisema "nimechoka", nasi tukasema "alisema amechoka". Ukiandika "Alisema alikuwa amechoka", msomaji ataanza kuutafuta uchovu wa siku iliyopita. Kiingereza ndicho chenye desturi ya kukirudisha kitenzi nyuma hatua moja kinapoyasimulia maneno ya mtu, na hata hicho, katika mazungumzo ya kawaida, mara nyingi huridhika na "She said she saw him" mahali ambapo mwalimu wa darasani angetaka "had seen".

Kwa hiyo wageni wako hawakosei. Mliyofundishwa shuleni si uongo, ila hilo neno "lazima" limezidi. "Had" huhitajika hasa pale msimuliaji anapolitaja kwanza lililotokea baadaye, kisha akageuka nyuma. "When we got there, the boat had left." Ukiiondoa "had" hapo, umepata sentensi ya mwenzako wa Malindi, na maana imehama. Lakini msimuliaji akitumia "before" au "after", mpangilio umeshajulikana, na watu wengi hawajisumbui nayo: "We ate before the boat left." Na akisimulia mambo kwa mfuatano wake, jambo baada ya jambo, hana haja nayo kabisa.

Mwenzako atalielewa hili kwa kisa cha mji wake. Vasco da Gama alipita Msumbiji, akafika Mombasa, akakosana na wenyeji, akaondoka, akatia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Mlolongo wote umebebwa na -ka-, na Kiingereza nacho kingetumia wakati uliopita wa kawaida mwanzo hadi mwisho, ingawa kila tendo limetangulia jingine. Sasa anzia Malindi: "Alipotia nanga Malindi, alikuwa ameshakosana na watu wa Mombasa." Hapo "alikuwa ame-" imepata kazi, na "had" vilevile. Matukio ni yaleyale. Aliyehama ni msimuliaji. Ile -sha- niliyoongeza imetokana na kitenzi kwisha, na katika mazungumzo ya pwani husikika sana katika maneno ya namna hii.

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kuna hatari nyingine, nami naiona kubwa zaidi kwa kazi yako. Si kila "alikuwa ame-" hugeuka kuwa "had". Vitenzi vyetu vya kuvaa, kulala, kukaa na kusimama vikipata -me- huonyesha hali inayoendelea. Ukitaka kumweleza mgeni kwamba nahodha alikuwa amevaa kanzu, usimwambie "He had worn a kanzu", maana atadhani aliivaa kabla ya hapo. Mwambie "He was wearing a kanzu". Aliyekuwa amelala, "was asleep". Mashua iliyokuwa imejaa, "was full".

Nyinyi wa Lamu mna hazina katika jambo hili. Katika tenzi za kale za Lamu na Pate, kabla -me- haijatawala, hali hiyo ya tendo lililokamilika ilionekana mwishoni mwa kitenzi: "niwene" kwa nimeona, "ziwele" kwa zimekuwa. Chimwiini, lugha ya wenzetu wa Barawa kule Somalia, bado ina mwisho wa namna hiyo katika usemi wa kila siku. Waulize wazee wanaoghani tenzi, watakupa mifano mingi.

Umeona nilivyoandika "kabla -me- haijatawala"? Baada ya kabla, Kiswahili hutumia kikanushi -ja-, kwa kuwa wakati huo jambo lilikuwa bado. Kiingereza hakikanushi hapo. Anayefasiri neno kwa neno huishia kusema "before the boat had not left", na mgeni hawezi kupata maana. Sema tu "before the boat left". Kikanushi hicho hicho ndicho hutumika mkifika na nahodha hayupo: "Tulipofika, nahodha alikuwa hajafika." "Hakuwa amefika" si kosa, lakini mimi huchagua ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayobeba maana ya "bado".

Iko pia "had" ya masharti, kama "If I had known". Hiyo ifasiri kwa -ngali-: "Ningalijua, nisingalikuja." "Kama nilikuwa nimejua" ni Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kiswahili, na inaniuma kuisikia kwa watu wazima wa pwani.

Na kuhusu kutoisikia "had" kwa wageni: mara nyingine wanaitamka. Katika mazungumzo hufupishwa ikabaki sauti ya "d" iliyong'ang'ania mtendaji, na sauti hiyohiyo hutumika kwa "would". Usiisikilize "d" peke yake, sikiliza kitenzi kinachofuata. Mgeni akikuambia "We'd paid", anasema walikuwa wameshalipa. Akisema "We'd pay", anasema wangelipa, basi ngoja usikie sharti lake.