Mtoto wa wiki sita na wawili wa shule, nianzie wapi?

SWALI: Shangazi, niko Umoja, nina katoto ka wiki sita, mwingine gredi ya 2 na mkubwa gredi ya 5. Wiki hii imenimaliza, Jumatatu basi ya shule inapiga honi na soksi moja haionekani, Jumatano kliniki, maji nayo yamepotea tangu jana, baba yao anaingia usiku na nguo zimejaa beseni mpaka zinanuka. Nifanye nini?
Mama Watatu

JIBU: Pole mamake. Nguo ziache, hazilii. Kliniki ndio usikose, hizo chanjo za wiki 6 zinafuatwa na za wiki 10 na 14, na usisahau kile kijitabu. Wa gredi ya 5 ni mkubwa huyo, apange yunifomu na soksi za wote usiku, wewe chemsha githeri ya siku mbili, jioni ni kukaanga tu. Katoto ni titi pekee mpaka miezi 6, hata maji usikape, kwa hivyo chupa za kuosha hakuna. Na baba yao, hata akiingia saa nne, si mikono anayo? Abebe mitungi. Lakini ukiona unalia kila siku wiki mbili zinaisha, mwambie nesi hapo hapo kliniki, usinyamaze.