Jibu: Mbona saa kubwa zimeanza kunichosha?

Mkuu, saa ya mkononi yenye kipenyo cha milimita 44 kukuchosha baada ya miaka miwili ni kawaida. Wengi huanza na mbwembwe, kisha hushuka hadi 36–39. Ila kipenyo peke yake hudanganya: pima kutoka ncha ya juu inaposhika mkanda hadi ya chini. Urefu huo ukizidi upana wa kifundo cha mkono wako, ncha zitaning'inia. Kabla ya kuuza, vua mkanda wa chuma uweke wa nailoni. Uzito ukipungua, kero nayo huenda ikaisha.

Baadaye utaanza kuchagua mashine, yaani mtambo wa ndani unaoendesha saa. Mashine ya Seiko iitwayo 7S26 haijazwi kwa mkono kwa kuzungusha kitufe, wala mshale wa sekunde hausimami ukivuta kitufe cha kurekebishia. 4R36, nayo ya Seiko, hujazwa kwa mkono na mshale wake husimama.