Kabureta na Manifoldi ya Chevelle ya 1970

SWALI: Nina Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, gia otomatiki ya Turbo 350 na difu ya 3.08 (mhimili wa gia huzunguka mara 3.08 gurudumu likizunguka mara moja). Kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini, ni ile ya kiwandani. Bado inatumia kabureta ya makoo mawili, yaani njia mbili za hewa, nami natamani nguvu zaidi kwa matembezi ya mwisho wa wiki hapa Ohio. Rafiki yangu ananiuzia kwa bei nafuu kabureta ya Holley ya 750 yenye pampu mbili, pamoja na manifoldi (bomba linalogawa mchanganyiko wa hewa na petroli kwa silinda) ya chumba kimoja. Nichukue?

JIBU: Ndugu msomaji, usichukue, hata akikupa kwa bei ya kutupa. Vifaa hivyo si vibovu, ila vinafaa injini inayozunguka kwa kasi ambayo yako haifiki, ndani ya gari jepesi kuliko lako.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wengi hununua kabureta kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, yaani futi za ujazo za hewa ambazo kabureta inaweza kupitisha kwa dakika. Injini ya mipigo minne huvuta nusu ya ujazo wake kila inapozunguka mara moja, yaani inchi za ujazo 175 kwa injini yako. Kwa kamshafti ya kiwandani, baada ya mizunguko 5,000 kwa dakika huna tena cha maana cha kutafuta. Zidisha 175 kwa 5,000, kisha ugawe kwa 1,728, ambazo ni inchi za ujazo zilizomo katika futi moja ya ujazo, nawe utapata takriban futi za ujazo 506 kwa dakika. Hata hivyo silinda hazijai kabisa. Ukichukua asilimia 85, unabaki na futi 430 hivi. Kwa hiyo kabureta ya 600 inakutosha na kubakiza. Ile ya 750 itapitisha hewa polepole katika makoo mapana, na hewa inayopita polepole hukosa nguvu ya kunyonya petroli vizuri kutoka kwenye jeti, yaani vitundu vya petroli, hasa unapoondoka kwenye taa za barabarani.

Jambo la pili ni namna makoo ya nyuma yanavyofunguka, maana kabureta hizi zina makoo manne: mawili ya mbele na mawili ya nyuma. Katika kabureta ya pampu mbili hufunguliwa na chuma kilichounganishwa na pedeli, kwa hiyo ukikanyaga mafuta hadi mwisho yanafunguka hata kama injini haijawa tayari, na pampu ya pili ipo ili kuziba pengo hilo kwa kumwaga petroli ya ziada. Gari zito lenye gia otomatiki na difu ya 3.08 litazubaa, likohoe, ndipo liende. Wewe tafuta kabureta ambayo makoo yake ya nyuma hufunguka kwa kufuata mahitaji ya injini: Holley ya 600 ya ombwe (mvuto wa hewa ndio unaoyafungua) au Edelbrock ya 600 yenye choki ya umeme. Mimi kwa gari kama lako huchagua Edelbrock, kwa sababu ni rahisi kuirekebisha bila kumwaga petroli juu ya injini, lakini sitagombana na anayependa Holley.

Huenda mtu akakuuliza: mbona General Motors wenyewe, watengenezaji wa Chevrolet, walifunga kabureta ya Rochester Quadrajet ya 750 kwenye injini za 350? Ni kweli, lakini makoo yake ya mbele ni madogo, inchi 1 na 3/8 tu, na yale makubwa ya nyuma yana kilango cha juu kinachofunguka kadiri injini inavyovuta. Ukipata nzima ambayo mhimili wake haujalegea, ni kabureta nzuri sana. Kumbuka tu kwamba matundu yake hayalingani na ya Holley, hivyo manifoldi iwe imetobolewa kwa ajili yake.

Sasa manifoldi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kosa kubwa zaidi katika ofa ya rafiki yako. Manifoldi ya chumba kimoja kama Edelbrock Victor Jr. imekusudiwa mizunguko ya kuanzia 3,500 kwa dakika kwenda juu. Kwa difu yako na tairi za kimo cha inchi 26, ukienda maili 60 kwa saa injini inazunguka kama mara 2,400 tu. Maana yake, utasafiri kutwa nzima bila kufika mahali ambapo manifoldi hiyo inaanza kufanya kazi. Chukua ya vyumba viwili, kama Performer, inayohudumia kuanzia sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) hadi mizunguko 5,500. Ile ya Air-Gap inayoacha nafasi ya hewa chini ya njia zake hupunguza joto la mchanganyiko, lakini haina njia ya moshi wa kuipasha, na asubuhi za baridi za Ohio utaisubiri injini ipate moto.

Kabla ya kulipa, pima nafasi chini ya boneti. Weka donge la udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha kichujio cha hewa, shusha boneti taratibu, ifungue, kisha pima unene uliobaki.

Wakati wa kufunga, achana na zile gasketi za mpira za mbele na nyuma ya bloku, kwani huteleza na kuvujisha oili; paka mstari mnene wa silikoni badala yake. Hamisha kebo ya gia ya Turbo 350 na uirekebishe, la sivyo gia haitashuka ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Edelbrock haipendi presha ya petroli inayozidi pauni 6.5 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo ipime usibahatishe, na ubadilishe mipira ya zamani, maana petroli ya Marekani iliyochanganywa na ethanoli huilainisha na kuipasua.

Kabureta ya zamani na manifoldi yake ya chuma usiviuze. Vifunge kwenye nailoni, viandike jina la gari, uvihifadhi stoo. Siku ukiuza Chevelle, mnunuzi anayetaka gari la asili ataviulizia kabla hajauliza rangi.