Ufukweni na watoto Kigoma: panga saa kabla ya chakula

Dada mmoja wa Mwanga, hapa mjini, ameuliza kama anaweza kuwapeleka wanawe, wa miaka 2 na 5, hifadhi ya sokwe ya Gombe. Kuwaona sokwe, hapana, wala sababu si nauli ya boti. Sokwe huambukizwa mafua na kikohozi cha binadamu, na watoto wa umri huo hawaishiwi mafua. Ndiyo maana kuwafuatilia sokwe msituni kuna umri wa chini. Ufukwe uko hapo hapo karibu na mji, upande wa Katonga, na unawatosha kabisa.

Panga saa kwanza. Pwani yetu inatazama magharibi, Kongo. Asubuhi jua liko nyuma ya vilima na miti inamwaga kivuli mchangani. Kuanzia saa nane mchana jua linakupiga usoni, na maji yanalirudisha mara ya pili. Wengi tunafanya kinyume: tunaanza na pilau, tunafika saa saba, halafu tunashangaa mtoto analia. Ondokeni saa moja asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Mwenye bajaji mpatane kabisa saa ya kuwafuata, na namba yake muwe nayo.

Utulivu wa asubuhi nao una hila. Saa hizo upepo mara nyingi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo boya la kupuliza huondoka taratibu kuelekea Kongo, mtoto akiwa juu yake anacheka. Maboya hayo yabaki nyumbani.

Tena Tanganyika ni ziwa la bonde la ufa, kina chake kinafika mita 1,470, na mahali pengi chini panashuka ghafla: hatua tatu maji yako magotini, ya nne yako kifuani. Mtu mzima aingie kwanza, atembee kushoto na kulia, akishajua mteremko unapoanza achomeke kijiti kabla kidogo ya kufika hapo. Mwisho ni magoti ya mtoto, si yako. Kila mtoto wa chini ya miaka 5 awe na mtu mzima wake, umbali wa mkono, simu mfukoni. Anayezama hapigi kelele, maana mdomo uko majini. Mkipokezana, semeni kwa sauti: "Zamu yako." Mashangazi wanne wanaodhani mwenzao anaangalia ni hatari kuliko mama mmoja aliye macho. Na msichague mwaloni wanapotua wavuvi wa dagaa. Pana ndoana, kamba na vipande vya chupa.

Maji ya kunywa yaliyochemshwa, angalau lita moja kwa kila mtoto. Chukueni viazi vitamu, chapati, ndizi mbivu, na mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake. Wali uliolala nje usibebe: bakteria wake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mgebuka ni samaki mtamu, lakini miba yake na mtoto anayekimbia haviendani. Wekeni pakiti moja ya ORS, ile chumvichumvi ya anayeharisha, mkobani. Inachanganywa na lita moja nzima ya maji, si kikombe, kwa sababu ikiwa kali inamzidishia mtoto upungufu wa maji.

Msimu wa mvua, ngurumo ya kwanza ikisikika, wote nje ya maji. Siku hiyo nendeni Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, alipokutwa na Stanley mwaka 1871. Nusu saa inatosha. Mtoto wa miaka 2 atapenda miembe kuliko historia, na ni haki yake.

Mwisho, kichocho. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia, yenye matete, na penye kufuliwa nguo. Mchanga unaopigwa na mawimbi una nafuu, hauna uhakika. Taulo haraka baada ya maji husaidia kidogo tu. Kupima keshoyake ni kupoteza hela, kwa kuwa mayai ya minyoo huchukua wiki 6 hadi 8 hivi, hata zaidi, kuonekana kwenye choo au mkojo. Dawa nayo hupimwa kwa uzito wa mtoto, basi usikisie dukani. Tarehe ya matembezi iandike kwa penseli kwenye kadi ya kliniki, uhesabu kuanzia hapo.