Kanisa halilipi kodi: je, lina haki ya kulimbikiza mali?

Swali: Mimi ni mweka hazina wa kanisa lililosamehewa kodi. Mizania ya mwaka huu inaonyesha mali inayotosha kuendesha huduma zetu kwa miaka mitano. Wazee kadhaa wanataka tununue hisa. Wengine wanasema asiyelipa kodi hana haki ya kujilimbikizia. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu mweka hazina, kwanza irudie hiyo hesabu, kwa sababu nina shaka na miaka mitano yako. Tuseme mali yote ni 100 na matumizi ya mwaka ni 20. Toa 55 za jengo na kiwanja, ambazo hazilipi mshahara wa mtu mpaka viuzwe. Toa 25 ambazo waumini walizichangia kwa kazi maalumu, mathalani ada za yatima. Hizo ni amana, na bodi nzima hata ikipiga kura haina ruhusa ya kuzipeleka kwingine. Zinabaki 20, yaani miezi 12. Hiyo ndiyo akiba huru, na mjadala wenu ulipaswa kuanzia hapo. Mkiwa na wakfu uliotolewa kwa sharti kwamba mtaji usiguswe, nao utoeni. Kinachotumika ni faida yake tu.

Sasa haki ya kulimbikiza. Unaposamehewa kodi, fungu lako linabebwa na walipakodi wengine, kwa kuamini kwamba unafanya kazi yenye manufaa kwa watu. Kwa hiyo kila fedha iliyolala inadaiwa maelezo. Ujerumani wameliandika hili katika sheria: taasisi iliyosamehewa kodi kwa kawaida hutakiwa kutumia mapato yake ndani ya miaka miwili baada ya mwaka ilipoyapokea, ingawa inaruhusiwa kutenga akiba kwa mradi unaojulikana. Marekani, mifuko binafsi ya hisani hutakiwa kutoa takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Makanisa ya huko hayana sharti hilo, wala hayalazimiki kuwasilisha taarifa ya mwaka ya fedha ambayo mashirika mengine ya hisani huwasilisha.

Hofu ya Kanisa kulimbikiza mali ni ya zamani. Mwaka 1279 mfalme Edward I wa Uingereza alipiga marufuku kulikabidhi Kanisa ardhi bila ruhusa yake, kwa kuwa Kanisa halifi wala halirithiwi, na ardhi iliyoingia mikononi mwake haikutoka tena.

Ila kinachonitisha mimi zaidi ya wingi wa mali ni usiri. Februari 2023 mamlaka inayosimamia soko la hisa la Marekani iliitoza Ensign Peak, inayowekeza fedha za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, faini ya dola milioni 4, na kanisa lenyewe dola milioni 1. Hisa za takriban dola bilioni 32, kwa hesabu ya 2018, zilikuwa zimeripotiwa kupitia kampuni za jina tu ili ukubwa wake usijulikane. Kanisa lilisema linasikitikia makosa yaliyofanyika. Kumiliki hisa hakukuwa kosa. Faini ilitokana na namna zilivyoripotiwa.

Niliwahi kukagua hesabu za shirika moja lililokuwa na fungu liitwalo "Mradi wa baadaye", likikua kila mwaka. Niliomba muhtasari wa kikao kilichouanzisha mradi huo. Haukuwepo, na hakuna mjumbe aliyeweza kunitajia ni mradi gani. Kwenye faili lililofuata nilikuta maombi ya dawa ya zahanati yao wenyewe, yamegongwa muhuri: HAKUNA FUNGU. Sijausahau muhuri ule.

Kwa maoni yangu, akiba huru ya miezi 6 hadi 12 inatosha kanisa linalotegemea sadaka. Kama hesabu yenu inafanana na mfano wangu, ninyi mko kwenye kilele cha kiwango hicho. Wanaotaka hisa waulizwe faida yake itafanya kazi gani na lini. Wakikosa jibu, msinunue. Hata wakiwa nalo, fedha ya dharura ibaki kwenye amana ya muda maalumu, kwa sababu hisa huweza kushuka mwezi uleule mnaozihitaji. Andikeni sera ya akiba ya ukurasa mmoja: kiwango, sababu yake, na ziada itakwenda wapi. Isomwe mbele ya waumini pamoja na hesabu za mwaka. Na fedha za kazi maalumu, kama zile ada za yatima, zifungulieni akaunti yake leo, kabla ya kikao.