Kustaafia mji mdogo wa tambarare

Mkuu, umeuliza kama ni busara wewe na mkeo, mkishastaafu, kuhamia mji mdogo huko tambarare, mbali na kila kitu, kwa kuwa nyumba ni rahisi na kuna utulivu. Utulivu upo, sibishi. Ila mimi ningeanza na hospitali.

Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha bonge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo. Sasa toa muda wa gari la wagonjwa kuja, toa na wa kurudi nalo. Zahanati ya mji wa watu mia chache mara nyingi haina mashine ya kupiga picha hiyo. Kwa hiyo usihesabu kilomita, hesabu saa, na uhesabu za usiku, mvua ikinyesha.

Jingine ni macho. Leo unaendesha mwenyewe. Ukifika miaka 80, taa za gari linalokuja zinakupofusha, na huko huenda hata basi halipiti. Nani atawapeleka kliniki? Na mmoja wenu akitangulia, anayebaki ataweza kukaa peke yake? (Swali chungu, najua, lakini ulizaneni mapema.)

Upepo nao usiudharau. Hakuna kilima wala msitu wa kuukinga, unaweza kuvuma mchana kutwa.

Nyumba mliyonayo msiiuze kwanza. Pangeni huko mwaka mzima, msimu mbaya uwakute humo humo, ndipo muamue.